Mvua ikinyesha msitufungie kwenye basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii nimejaribu kuifupisha mara mbili ikagoma, sa nimeiacha kama ilivyo, nyie mtakata mnapoona panafaa.

Juzi mlitoa makala kuhusu safari za kikundi za kupiga picha msimu wa mapukutiko, kule kwenye nchi ambazo miti inageuka rangi kabla ya kumwaga majani. Makala nzuri tu, nimeisoma yote nikiwa nimesimama. Lakini kuna mahali mwandishi wenu kasema mvua ikianza au ukungu ukishuka basi kikundi kirudi hotelini kipumzike kisubiri jua, eti rangi za majani bila jua ni kazi bure. Hapo ndo nikaliweka gazeti chini. Maana mi nimetoka kwenye safari ya namna hiyohiyo, watu 11 kwenye basi dogo moja, siku 5, na katika siku zote hizo jua tulilipata labda dakika 40 kwa kujumlisha vipande vipande. Na picha ninazozipenda kwenye ile safari, zote kasoro moja, ni za muda ambao kwa ushauri wa gazeti tungekuwa tumejifunika shuka.

(Halafu hili neno lenyewe. Wapo wanaoita msimu huo vuli, hata kwenye vitabu mtalikuta, ila vuli si ni mvua jamani, mtu ukimwambia unaenda kupiga picha za vuli anakuuliza umebeba mwamvuli? Ndo maana naandika mapukutiko. Ingawa kwa safari yetu ilivyokuwa, vuli lingefaa tu.)

Siku ya kwanza tukapelekwa kwenye lile eneo la kutazamia bonde ambalo kila mtu ashaiona picha yake, ziwa chini, msitu wa njano na nyekundu huku na huku, mlima nyuma. Tumefika asubuhi kabisa hakuna ziwa, hakuna msitu, hakuna mlima. Wingu limejaa bondeni mpaka juu, unaona kile kizuizi cha chuma cha kuzuia watu wasidondoke na baada ya hapo ni weupe mtupu. Kiongozi wetu, simtaji ni mtu mwema na akisoma atajijua, akasema tukae ndani ya basi tusubiri lifunguke. Tukakaa. Saa nzima. Saa ya pili. Vioo vimejaa mvuke wa pumzi zetu, watu wanaoneshana picha za safari za zamani kwenye simu, mmoja kule nyuma anakoroma.

Aliyetuokoa ni jamaa aliyebanwa na mkojo. Akashuka, akavuka barabara, akaingia kwenye miti upande wa pili, akachelewa. Akachelewa mpaka mtu akauliza jamani huyu hajaanguka huko? Dereva akapiga honi. Jamaa akatokea ameloa chapachapa, maji yanamdondoka puani, akapanda akachukua begi lake la kamera akageuka kushuka tena bila salamu. Tukamwuliza vipi bwana. Akasema huko ndani kuna kitu, na bado sijakojoa.

Tukashuka wote.

Mhariri, kile kitu kilikuwa msitu mdogo tu wa miti ya bechi (birch kwa Kiingereza), ile yenye magome meupe, tumepita msitu kama huo mara ishirini barabarani bila mtu kugeuza shingo. Siku ya jua ule msitu ni fujo, kila tawi linapigana na tawi la nyuma yake, mwanga mkali hapa, kivuli cheusi pale, hujui uangalie wapi. Ukungu ulikuwa umeifanya kazi ambayo mpiga picha huwa anahangaika nayo siku nzima: mti wa karibu unaonekana wazi, wa pili umefifia kidogo, wa tatu zaidi, mpaka wa mwisho ni kama umechorwa kwa penseli ukafutwa. Umbali unauona kwa macho. Na majani yaliyobaki kwenye matawi yalikuwa ya njano ile nzito, yamening'inia na maji, na chini zulia lote linang'aa. Kwa saa moja na nusu hakuna aliyekumbuka ziwa.

Sasa nieleze sababu, nisije nikaonekana nabisha kwa kubisha.

Jani likiwa kavu lina vumbi na vimikwaruzo vidogovidogo juu yake vinavyotawanya mwanga mweupe kila upande, kwa hiyo unachokiona ni rangi ya jani pamoja na weupe wa juu. Likiloa, maji yanaulainisha ule uso na rangi ya ndani inatoka yenyewe. Ni kama jiwe la mtoni tu, ukilitoa majini linavutia, likikauka mfukoni unajiuliza niliokota hili la nini. Na magome nayo yakiloa yanakuwa meusi, kwa hiyo njano inakaa juu ya nyeusi badala ya kukaa juu ya kijivu. Kinachobaki kuharibu ni mng'ao, kwamba kila jani lililoloa linakuwa kioo kidogo cha anga, na hapo ndo inakuja filta ya polaraiza, kile kioo cha kuvalisha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao. Watu wengi wanaijua kama kitu cha kufanya anga liwe la bluu zaidi, siku ya jua, wakirudi nyumbani wanaifungia kwenye kiboksi chake. Mi nasema kama una filta moja tu duniani, ivae siku ya mvua. Unaizungusha taratibu huku unaangalia, na kuna mahali ule weupe unafutika majanini kote kwa mpigo na msitu unajaa rangi. Inakula mwanga, stopu 1 mpaka 2 (kila stopu ni nusu ya mwanga uliokuwepo), hiyo ndo gharama yake. Ila penye kidimbwi cha maji usiizungushe kwa pupa, unaweza ukafuta na taswira ya miti iliyomo kwenye maji ambayo ndo ilikuwa picha yenyewe. Nimelifanya hilo kosa, na nikalirudia.

Halafu wingu lenyewe ni taa. Jua ni taa ndogo ya mbali, linatoa vivuli vyenye kingo kali, na kamera haiwezi kushika jani linalowaka na shina lililo gizani kwa pamoja, lazima kimoja kipotee. Wingu ni taa kubwa kuliko bonde lote. Eliot Porter, yule Mmarekani aliyesomea udaktari kisha akaacha maabara akawa mpiga picha za rangi za misitu na mito, kazi zake nyingi ni za mwanga huo wa kivuli na mawingu, na watu mpaka leo wanasimama mbele ya picha zake wanajiuliza rangi zile zilitoka wapi wakati anga halionekani kabisa.

Na hilo la anga ndo kosa letu sote siku za mvua, mwandishi wenu hakuligusa. Tunatoka na lile wazo la kadi ya posta, chini msitu, juu anga. Sa siku hiyo anga ni jeupe kama shuka la hospitali, ukiliingiza kwenye picha hata kipande cha ukubwa wa kiganja, jicho la mtazamaji linakimbilia hapohapo na majani yako umeyapamba bure. Litoe. Shusha kamera, sogea, vuta zumu, piga mteremko, piga mizizi, piga jani moja kwenye lami. Kiongozi wetu alikuwa anatupeleka kwenye maeneo ya kutazamia mbali siku ambayo mbali hakuna, na ndo ugomvi wangu mkubwa na hizi ratiba za vikundi, zimepangwa miezi kadhaa kabla kana kwamba mawingu nayo yalipewa nakala.

Na kusubiri jua kuna hatari ambayo naona haikufikiriwa. Ile njano haitengenezwi msimu huo, ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo ila imefunikwa na kijani cha klorofili, siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, iliyopo inavunjika, njano inachungulia. Nyekundu ya miti kama mepo (maple) hiyo ndo inatengenezwa upya, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na inanoga zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyofika kuganda. Hapo nampa mwandishi wenu haki yake, jua linahusika, ila kazi yake ilishafanyika kabla sijafika na kamera. Wakati huohuo, pale kikonyo kinaposhika tawi mti unajenga tabaka la kuliachia jani, na likishakomaa jani limebaki limeegesha tu. Upepo wa usiku mmoja unatosha. Siku ya pili tuliukuta mteremko mmoja tuliouona jana yake kwa mbali ukiwa wa rangi ya chungwa, tukasema tutarudi jua likitoka, tuliporudi jioni yake yalikuwa yamebaki matawi. Yaani wakati sisi tunasubiri mwanga mzuri, miti haikusubiri. Sehemu moja ikifika kilele chake ina siku chache tu, wiki ni nyingi, ndo maana kule Japani wanatoa utabiri wa rangi za majani kama utabiri wa hali ya hewa, rangi inaanzia milima ya Hokkaido kaskazini mwezi wa 9 inateremka mpaka Kyoto inafika mwezi wa 11 kuelekea wa 12. Mtu kanunua tiketi, kafika siku zile nne tano, mvua inanyesha, unamwambia akalale?

Mambo ya kamera nayapitia haraka, wenye kamera watanielewa. Ukungu unaidanganya, inaona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inakupa picha ya kijivu ya huzuni, kwa hiyo ongeza kama theluthi 2 za stopu au stopu nzima. Nyekundu nayo inaungua kimyakimya, histogramu ya kawaida, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, inaonesha salama kumbe rangi nyekundu peke yake ishafika ukutani na jani limekuwa doa la rangi moja lisilo na mishipa, tazama ile histogramu ya rangi tatu. Kwenye rangi ya mwanga weka alama ya wingu, karibu Kelvini 6000, au piga RAW, yaani faili ghafi, uamue baadaye. Matone ukitaka yaonekane kama vistari, nyuma pawe na giza, shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, ikae wazi kama 1/60 ya sekunde, ukiikimbiza sana yanakuwa vitone tu kama uchafu kwenye lenzi.

Upepo ndo ulitutesa kuliko mvua. Majani hayatulii. Tulikuwa tunapandisha ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 1600 na zaidi ili shata ifike 1/250, chenga kidogo kwenye picha sio mbaya kama jani lililokorogeka. Au unafanya kinyume, unaacha sekunde nzima kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, mashina yanasimama imara na majani yanakuwa moshi wa njano, kuna mtu alipata moja ya hivyo mpaka nikamwonea wivu. Na mara nyingi jibu ni subira tu, upepo huwa unavuta pumzi, unasubiri kati ya mvumo na mvumo, kidole kiko tayari, na hapo ndo mwenzako anapita mbele yako na koti la rangi ya chungwa.

Ndiyo, sasa nafika kwenye kikundi.

Kupiga picha peke yako kwenye mvua ni jambo moja, watu 11 ni jambo lingine. Asubuhi ile ile ya bechi, robo saa ya kwanza ilikuwa raha, baada ya hapo kila ukigeuza kamera kuna mtu kainama. Zulia la majani lililokuwa halijaguswa likawa na njia tatu za matope katikati. Tripodi nne zimepangwa mstari mmoja zote zinaangalia mti mmoja, maana mmoja kauona wa kwanza na wengine wakaona atakuwa anajua kitu. Halafu alikuwepo bwana mmoja ambaye upepo ukitulia anaenda kuutikisa mti ili majani yadondoke vizuri mbele ya kamera yake, tena anahesabu kwa sauti, moja mbili tatu! Siku ya kwanza tukacheka. Siku ya pili mama mmoja mtu mzima akamwambia, "Baba, hayo majani si yako peke yako, na sisi tumeyalipia," akaacha. Kuokota jani zuri na kulipanga juu ya jiwe, hilo nalo tulibishana basi zima, mi sioni ubaya ilimradi ulirudishe chini, wengine waliona ni uongo kabisa, hatukumaliza.

Lakini kikundi kina faida moja kubwa ambayo sikuitegemea. Siku ya mvua unahitaji mkono wa tatu. Tulijipanga wawiliwawili, mmoja anashika mwamvuli mwingine anapiga, halafu mnabadilishana, na mi niliangukia kwa dada mmoja mpole sana ila akiwa anapiga hasemi sentensi nzima. "Kaka, mwamvuli." "Kulia." "Kulia kwangu, kaka." Nilijifunza kuona kwa kumshikia mwamvuli kuliko kwa vitabu vyote, maana unasimama pembeni ya mtu dakika kumi unajiuliza anapiga nini hapa, halafu anakuonesha. Tahadhari tu, mwamvuli wangu ulikuwa mwekundu. Picha zote za karibu za siku hiyo, majani, uyoga, magome, zina kiwekundu fulani ambacho nilihangaika nacho kwenye kompyuta usiku mzima nikidhani ni mipangilio, kumbe ni kivuli cha mwamvuli. Beba mweusi. Na angalia ncha zake, zinachuruzika juu ya lenzi ya mtu uliyekuja kumkinga.

Vifaa vya kukinga kamera watu wanavikuza sana. Hizo kamera zinazosemwa hazipitishi mvua, zinavumilia manyunyu tu, hazikuundwa kuogelea, na zikiingia maji ndo utajua. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi na mpira wa kufungia, kofia ya kuogea, kile kikinga jua cha mbele ya lenzi kivalishe muda wote hata jua halipo maana kinazuia matone, na vitambaa vingi vikavu. Vingi. Kimoja kikishaloa unachofanya ni kupaka maji, sio kufuta. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza mapema.

Kuna kosa nimelifanya mi mwenyewe na ndilo linanifanya niandike kwa uchungu. Siku ya tatu tulinyeshewa kutwa, saa kumi jioni tukarudi kwenye basi, dereva kawasha joto mpaka mwisho, raha. Kamera nikaiweka kwenye kiti cha pembeni wazi kabisa. Dakika kumi baadaye mtu akapiga kelele, tazameni! Wingu lilikuwa limepasuka upande wa magharibi, mwanga wa jua la jioni umeingia chini yake kama mtu kafungua mlango, mlima mzima nyuma bado ni mweusi wa mvua na mbele yake ile miti ya lachi, ile jamii ya misonobari ambayo yenyewe inageuka njano na kupukutisha, inawaka yote. Tukakimbia nje. Naweka jicho, naona maziwa. Lenzi imejaa mvuke, nafuta, unarudi, nafuta, kumbe na kioo cha ndani nacho. Kitu baridi kikiingia penye joto na unyevu kinatoa jasho, kila mwenye miwani anajua, nilikuwa najua, nilisahau. Watu 9 kati ya 11 tulikuwa hivyo. Waliopona ni wawili walioacha kamera kwenye begi limefungwa zipu. Mwanga ulikaa kama dakika sita. Nimeutazama kwa macho yangu, sio vibaya, ila ukiniuliza dakika 40 za jua zilienda wapi, sita zilienda pale. Ndo maana nikisoma "rudini mkasubiri ndani kwenye joto" mwili unanisisimka. Kama lazima mwingie ndani, kamera ibaki kwenye begi au mfuko uliofungwa vizuri mpaka nayo ipate joto polepole.

Siku ya nne tukapiga kura. Kiongozi alitaka twende kwenye ziwa lingine, mwendo wa saa mbili, ratiba inasema hivyo. Wengine tukasema hapana, mvua inanyesha, tubaki kwenye bonde hilihili tutembee kwa miguu, kijito kina majani, miamba ina majani, tutafute nini saa mbili mbali. Ikaamuliwa sita waende na basi, watano tubaki na msaidizi wa kiongozi. Tulipiga siku nzima ndani ya eneo ambalo ukirusha jiwe unalimaliza, na nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya jioni ya kuwasuta wale walioenda kukaa kwenye foleni ya kuangalia ukungu. Wakarudi na upinde wa mvua. Mzima, juu ya ziwa, miti nyekundu chini yake. Ndo ile picha moja kasoro niliyoitaja huko juu, sio yangu, nilitumiwa. Kwa hiyo sisemi nina kanuni. Kitu pekee kilichonipa faraja ni kwamba mmoja wao alikuwa kavaa polaraiza kaizungusha bila kuangalia, mwanga wa upinde una mpangilio ambao ile filta inaweza kuufuta, na kwenye picha zake kipande kizima cha upinde hakipo. Anaapa alikiona.

Sasa mwandishi wenu akinijibu najua atasema usalama, na hapo nakubaliana naye kabla hajaanza. Ipo mvua ya kupiga picha na ipo mvua ya kuondoka. Radi ikianza, mjadala umeisha. Sauti inasafiri kilomita moja kwa kama sekunde 3, ukiona mwako ukahesabu na ngurumo ikafika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, tripodi zikunjwe watu washuke kutoka mlimani na waondoke chini ya miti, na hapo ndo basi lina kazi yake, gari lenye bati juu na vioo vimefungwa ni mahali pazuri, mkae nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Siku ya pili kuna waliotaka picha moja ya mwisho pale kilimani huku anga linaguna, kiongozi akakataa kabisa, nilimheshimu sana. Mito nayo, mvua inayonyesha juu usiyoiona inakuja kukukuta chini umesimama kwenye jiwe katikati ya kijito. Majani yaliyoloa juu ya mwamba ni sabuni, mmoja wetu alikaa chini kwa ghafla akaokoa lenzi kwa kuinua mikono, makalio ndo yakalipia. Na baridi ya kuloa ni mbaya kuliko baridi kavu, mtu anaganda huku joto la hewa wala sio sifuri, akianza kutetemeka na kuongea ovyo mwondoeni, mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni hali ya hospitali. Nguo za pamba zikiloa zinashika maji zinakunyonya joto, sufu ni bora. Kwenye ukungu kiongozi ahesabu watu, ahesabu tena, kila mtu awe na filimbi shingoni. Mtu anaingia kwenye miti kwa ajili ya haja tu, mnaona ilivyokuwa.

La mwisho ni la kwenu nyie, Mhariri, sio la mwandishi. Ule ukurasa wa picha za wasomaji. Toleo lililopita mlichapa picha 6 za mapukutiko, nimehesabu, anga ni la bluu katika zote 6, na mbili zimeongezwa rangi mpaka miti inafanana na sharubati. Tangazo lenu la kuomba picha linasema "picha angavu zenye jua." Mkiandika hivyo ndo mtaletewa hivyo, na kiongozi wa kikundi kule naye anasoma gazeti hilohilo, anaona watu wanachotaka ni hicho, anawafungia kwenye basi. Futeni hayo maneno matatu tu ya mwisho tuone mtatumiwa nini.

Nimeambatanisha mbili. Ya kwanza ni ya bechi za siku ya kwanza. Ya pili ina tone la maji kwenye lenzi, juu kulia, nilijaribu kulifuta kwenye programu nikaliona linarudi moyoni nikaliacha, kama mtaichapa naomba msilikate. Na fundi wenu asiiongezee njano, ilikuwa njano hivyohivyo.

Yule jamaa wa haja ndogo nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Kakubali nisimulie yote bila jina, kwa sharti moja tu, niseme wazi gazetini kwamba baadaye alikojoa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye mwamvuli mwekundu